Njia ya Kuwa Mwanasaikolojia Tiba kwa Kijana wa Unguja na Pemba

Kila yanapotoka matokeo ya Kidato cha Sita hunijia nyumbani vijana watatu au wanne, mara nyingi wakifuatana na mzazi, na suali lao huwa ni moja: anayetaka kusomea saikolojia aanzie wapi, na akimaliza ataajiriwa na nani. Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili yao, hasa wale wanaoikusudia saikolojia tiba, yaani tawi linaloshughulika na mtu aliyekwisha kuelemewa na maradhi au dhiki ya nafsi. Nitangulize rai yangu mapema ili msomaji aipime njiani: jina lililoandikwa kwenye shahada lina uzito mdogo kuliko idadi ya wagonjwa uliowahudumia huku mtu mwenye uzoefu akikuangalia, na hatua zinazofuata nimezipanga kwa kulizingatia hilo.

Hatua ya kwanza: ifahamu kazi kabla ya kuiomba

Wazee wetu waliosoma Kiarabu huiita taaluma hii elimu nafsi, na jina hilo linaeleza vizuri zaidi kuliko neno tulilolikopa. Mwanasaikolojia tiba hufanya tathmini, hutambua tatizo na hulitibu kwa njia za kisaikolojia, hasa mazungumzo yenye mpango na malengo yanayoweza kupimwa. Haandiki dawa. Anayeandika dawa ni daktari wa magonjwa ya akili, ambaye alisomea kwanza udaktari wa binadamu kwa miaka mitano, akafanya mafunzo ya kazi kwa mwaka mmoja, kisha akabobea kwa miaka mitatu. Mshauri nasaha humsaidia mtu mwenye mtihani wa maisha ambaye bado anasimama kwa miguu yake, na ofisa ustawi wa jamii huangalia makazi, matunzo na haki za familia. Yupo pia muuguzi wa afya ya akili, ambaye huko wilayani ndiye wa kwanza kukutana na mgonjwa. Kijana atakayeingia kazini akimdharau muuguzi huyo atajifunza polepole sana.

Mipaka hii haikushuka kutoka mbinguni. Lightner Witmer alipofungua kliniki ya kwanza ya saikolojia katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, mwaka 1896, alianza na mtoto aliyeletwa na mwalimu wake kwa sababu ya taabu ya kuendeleza maneno, yaani kuyaandika kwa herufi zake sahihi. Taaluma hii, kwa hiyo, ilianzia kwenye shida ya mtoto wa skuli, wala si katika wodi ya vichaa kama wengi wanavyodhani. Nakumbusha jambo hili kwa sababu wazazi wengi hunong'ona: "Mwanangu atakwenda kukaa na wendawazimu?" Atakaa nao, ndiyo, lakini atakaa pia na mama aliyejifungua wiki tatu zilizopita na hataki kumshika mtoto wake, na mvuvi asiyeweza tena kupanda chombo, na mwanafunzi anayezimia kila unapofika mtihani.

Hatua ya pili: masomo ya skuli

Hapa sitakawia. Kiwango cha chini cha kuingia shahada ya kwanza nchini ni ufaulu wa masomo mawili ya Kidato cha Sita yenye jumla ya pointi 4, ambapo A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1, ingawa kila programu inaweza kuweka sharti la juu zaidi au kutaka somo maalumu. Mwenye stashahada anayo njia yake ya sifa linganishi. Tahasusi za sayansi na za sanaa zote hufungua mlango wa saikolojia kwa namna tofauti, lakini kwa anayeweza kuchagua, Biolojia ni msaada mkubwa kwa sababu utasoma ubongo, homoni na athari za dawa.

Somo linalowaangusha wengi chuoni ni takwimu. Kijana huingia akidhani saikolojia ni maneno matupu, halafu katika mwaka wa pili anakutana na wastani, mkengeuko na majedwali ya uwezekano, na hapo huanza kutafuta namna ya kuhama. Kama Hisabati uliiacha kwa furaha Kidato cha Nne, irudie katika miezi ya kusubiri chuo.

Hatua ya tatu: shahada ya kwanza

Elimu ya juu ni jambo la Muungano, kwa hiyo Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania ndiyo inayosimamia vyuo vya pande zote mbili, na kila mwaka hutoa kitabu cha mwongozo chenye orodha ya programu zilizoidhinishwa pamoja na masharti yake. Soma kitabu hicho cha mwaka wako, si cha mwaka jana ulichotumiwa na binamu, kisha peleka maombi chuoni moja kwa moja. Afya, kwa upande mwingine, si jambo la Muungano: Zanzibar ina Wizara yake ya Afya na utaratibu wake wa ajira. Ndiyo maana mtu anaweza kusoma Dar es Salaam kwa utaratibu mmoja na akaomba kazi Chake Chake kwa utaratibu mwingine kabisa, na anapaswa kuulizia pande zote mbili kabla ya kulipa ada.

Kwa asiyetaka kuvuka bahari, Chuo Kikuu cha Abdulrahman Al-Sumait kilichopo Chukwani kimekuwa kikifundisha saikolojia ya ushauri nasaha. Kwa anayevuka, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina shahada ya saikolojia. Shahada hizi kwa kawaida ni za miaka mitatu, na gharama zake zinaweza kuombewa mkopo, ama kwa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2011, ama kwa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ya Tanzania.

Kabla ya kuthibitisha nafasi, piga simu idarani au nenda mwenyewe ukaulize: mwanafunzi hupelekwa mafunzo ya vitendo kwa wiki ngapi, hupelekwa wapi, na nani humsimamia akiwa huko? Ukijibiwa kwamba "mwanafunzi hujitafutia mwenyewe", usikimbie, lakini jua kuwa mzigo huo ni wako na uanze kuubeba mwaka wa kwanza. Elewa pia kwamba shahada ya kwanza, hata ikiwa na neno saikolojia kwa herufi kubwa, haikufanyi mwanasaikolojia tiba. Ni msingi tu, na nyumba bado.

Hatua ya nne: mwaka wa katikati

Wengi hutaka kuunganisha shahada ya kwanza na ya pili bila ya kupumua. Mimi huwashauri wakae mwaka mmoja wakifanya kazi, hata ya kujitolea, karibu na watu wenye matatizo haya: katika hospitali ya Kidongo Chekundu, katika nyumba za soba zinazowahudumia wanaoacha dawa za kulevya, au katika ofisi ya ustawi wa jamii ya wilaya. Nenda na barua ya chuo na barua ya sheha wako, ujieleze kwa adabu, na usitarajie kupewa mgonjwa siku ya kwanza. Utapewa mafaili uyapange. Yapange, na uyasome kwa ruhusa, kwa kuwa humo utaona jinsi maradhi yanavyokwenda na kurudi kwa miaka, jambo ambalo hakuna mhadhara unaoweza kulionesha.

Mwaka huu pia utakutambulisha kwako mwenyewe. Wapo waliogundua ndani ya miezi miwili kwamba hawawezi kusikiliza habari za mtoto aliyedhalilishwa kisha wakarudi nyumbani wakala chakula. Hiyo si aibu. Ni heri kugundua wakati huo kuliko baada ya kukopa fedha za shahada ya pili.

Hatua ya tano: shahada ya uzamili na usimamizi

Hapa ndipo penyewe. Katika Afrika Mashariki, Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili hutoa shahada ya uzamili ya saikolojia tiba, na shahada kama hiyo hutolewa pia katika Chuo Kikuu cha Nairobi na Chuo Kikuu cha Makerere. Muda wa kawaida ni miaka miwili, na sehemu kubwa yake hutumika wodini na kliniki. Anayefikiria nchi za mbali azingatie kwamba masharti hayafanani. Afrika Kusini humtaka mtu awe na uzamili uliojumuisha mwaka mzima wa mafunzo kazini, kisha atumikie jamii mwaka mmoja kabla ya kujitegemea. Uingereza huhitaji udaktari wa kitaaluma wa miaka mitatu juu ya shahada ya kwanza, na Marekani nayo hutaka shahada ya udaktari. Cheti cha nchi moja hakikufungulii kliniki katika nchi nyingine.

Usimamizi ni nini hasa? Nitaeleza kwa kisa changu mwenyewe. Mgonjwa wangu wa kwanza alikuwa mwanamke wa makamo aliyelalamikia maumivu ya kifua ambayo madaktari walikwisha kuyachunguza bila ya kuona kitu. Nilizungumza naye dakika arubaini, nikampa nasaha nilizoziona za busara, naye akashukuru akaondoka. Jioni msimamizi wangu aliniomba daftari, akahesabu kwa ncha ya kalamu, akasema, "Maneno yako mistari kumi na miwili. Maneno yake mistari miwili." Kisha akauliza: analala saa ngapi, anaamka saa ngapi, analala na nani chumbani, chakula kinampita? Sikuwa na jibu hata moja. Wiki iliyofuata nilimuuliza mama yule habari za usingizi tu, na kupitia usingizi ndipo ilipotoka habari ya mwanawe aliyekuwa hajapiga simu tangu alipokwenda ughaibuni. Somo hilo halikuwa katika kitabu changu chochote. Kwa hiyo, unapochagua chuo, uliza msimamizi mmoja ana wanafunzi wangapi, na kama husikiliza au hutazama mazungumzo yenyewe au husubiri ripoti tu. Anayesoma ripoti pekee husoma yale uliyoyaona, na tatizo la mwanafunzi ni yale asiyoyaona.

Hatua ya sita: jifunze lugha ya dhiki

Vitabu utakavyosoma vimeandikwa kwa lugha ya kigeni, na mgonjwa wako atasema Kiswahili cha Makunduchi au cha Micheweni. Dodoso mashuhuri la kupima sonona, yaani maradhi ya huzuni nzito isiyoondoka, linaloitwa PHQ-9, lina maswali tisa yenye jumla ya alama kuanzia 0 hadi 27, na alama 10 kwenda juu huashiria haja ya uchunguzi zaidi. Tafsiri ya Kiswahili ipo. Lakini mtu wa shamba akiulizwa kama amepoteza hamu ya kufanya mambo, anaweza kukujibu kwamba hamu haina kazi kwake, analima kwa sababu lazima ale. Watu wetu huieleza sonona kwa mwili: kichwa kizito, moyo unakwenda mbio, mwili hauna nguvu, usingizi hauji. Na juu ya yote huja neno moja, "mawazo". Akisema "nina mawazo", hakwambii kuwa anafikiri, anakwambia anaumwa.

Hatuko peke yetu katika hili. Zimbabwe, Washona huita hali hiyo kufungisisa, maana yake kufikiri kupita kiasi, na daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianzia kwenye neno hilo hilo alipoanzisha mpango wa benchi la urafiki mjini Harare mwaka 2006, ambapo mabibi waliopewa mafunzo hukaa na wagonjwa kwenye mabenchi nje ya vituo vya afya na kuwasaidia kutatua tatizo moja baada ya jingine. Matokeo ya jaribio la kitabibu lililochapishwa mwaka 2016 yalionesha kuwa dalili zilipungua kwa kiasi kikubwa kuliko kwa waliopata huduma ya kawaida, na mpango huo umefika pia Zanzibar. Weka daftari dogo la misemo unayoisikia kwa wagonjwa, bila ya majina yao, na ulifungue kila unapotaka kutafsiri kipimo.

Lipo pia suala la waganga, majini na visomo. Wagonjwa wako wengi watakuwa wamekwisha kupitia huko kabla ya kukufikia. Usiulize, "Kwa nini mmechelewa?" Uliza, "Mmepita wapi kabla ya kuja hapa, na huko mliambiwa nini?" Suali la kwanza hufunga mdomo wa mama mtu, la pili hukupatia historia nzima ya maradhi, siku yalipoanza, nani ndani ya nyumba anaamini nini, na nani ana sauti ya kuamua. Kisomo cha Qurani kinachompa mgonjwa utulivu hakigombani na tiba yako, wala si kazi yako kumthibitishia mtu kama jini lipo au halipo. Kazi yako ni kusimama imara panapotokea madhara: mgonjwa kufungwa minyororo, kupigwa ili shetani atoke, au mtoto mwenye kifafa kuachishwa dawa. Kifafa ni maradhi ya ubongo, lakini kliniki za afya ya akili huwapokea wenye kifafa, na utaitwa kuzungumza na familia zao. Katika hayo usilegee, lakini sema na mkubwa wa familia faraghani, si mbele ya kadamnasi.

Hatua ya saba: siri katika kisiwa kidogo

Kanuni ya kutunza siri za mgonjwa imeandikwa kote duniani, ila walioiandika hawakuishi Wete. Hapa mgonjwa wako ni shemeji wa jirani yako, dereva wa gari uliyopanda amemwona akiingia kwako, na Ijumaa mtakutana harusini. Mimi hulisema siku ya kwanza kabisa, kabla ya kuuliza jina la maradhi: "Nikikuona Darajani sitaanza kukusalimu. Ukinisalimu nitaitika kama jirani yeyote, na sitasema tunajuana kutoka wapi." Uso wa mgonjwa hubadilika akisikia hivyo. Kaa chumba kisicho na dirisha la kibarazani, panga miadi ili anayetoka asipishane na anayeingia, na mafaili yalale ofisini chini ya kufuli, kwani nyumba zetu zina watu wengi na kila mtu hujua kusoma. Mama mkwe akiomba kuingia, mkaribishe kwa heshima zake, msikilize, kisha umwombe akupishe. Na kabla hajatoka mwambie waziwazi kwamba utakayoyasikia hutayarudia kwake.

Hatua ya nane: kazi zinazopatikana

Usisubiri tangazo lenye jina "mwanasaikolojia tiba" kwa sababu utasubiri sana. Soma majukumu yaliyoandikwa chini ya jina, iwe ni mshauri nasaha, ofisa wa afya ya akili, mratibu wa huduma za kisaikolojia na kijamii au mtafiti msaidizi.

Hospitali ndiyo lango la kwanza: Kidongo Chekundu na Mnazi Mmoja kwa Unguja, na hospitali za Pemba, pamoja na ya Abdalla Mzee iliyopo Mkoani. Kwenye tiba ya uraibu, huduma ya methadoni, dawa inayotolewa badala ya heroini, ilianza Muhimbili mwaka 2011 na Kidongo Chekundu mwaka 2015, na mwenye kuitaka kazi hiyo aende akaangalie utoaji wake wa asubuhi: mtu hufika kila siku, hunywa dozi yake mbele ya mhudumu, kisha huzungumzishwa kidogo ili ijulikane kwamba amemeza. Dawa hutuliza mwili. Kinachobaki, yaani aibu, ndoa iliyovunjika, marafiki wa maskani wanaomwita kwa jina la zamani, ni kazi ya mwanasaikolojia. Na usimwite teja, hata akijiita mwenyewe.

Vituo vya Mkono kwa Mkono, ambavyo huwakusanya polisi, daktari na mshauri mahali pamoja kwa ajili ya waliofanyiwa udhalilishaji, huhitaji watu wanaojua kuzungumza na mtoto bila ya kumtia maneno mdomoni, kwa kuwa neno moja la kumwongoza linaweza kuharibu ushahidi mahakamani. Skuli, vyuo vikuu, Vyuo vya Mafunzo (yaani magereza yetu) na asasi za kiraia nazo zina nafasi, ingawa za asasi mara nyingi hufuata muda wa mradi. Kliniki binafsi isiwe ya mwanzo. Subiri upate miaka kadhaa ya kazi chini ya wengine.

Iko kazi nyingine, ya kuwahudumia waliofikwa na maafa, ambayo wakaazi wa visiwa hawahitaji kuelezwa sana. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander I ilizama ikiwa safarini kwenda Pemba, na Julai 2012 ikazama MV Skagit karibu na Chumbe. Mwaka huo wa 2011 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia, ambao msingi wake ni kuangalia, kusikiliza na kuunganisha: mpe mtu maji na kanga kavu, mtafutie ndugu zake, usimlazimishe kusimulia alichokiona. Mafunzo yake ni mafupi, na mwanafunzi wa shahada ya kwanza anaweza kuyapata mapema na kuyatumia.

Ukipiga hesabu, miaka mitatu ya shahada ya kwanza, mmoja wa katikati na miwili ya uzamili ni sita, kwa hiyo aliyemaliza Kidato cha Sita akiwa na miaka ishirini ataanza kazi kamili akiwa na ishirini na sita, mikopo na miadi ikienda sawa. Kwa wiki hii yatosha kutafuta cheti cha kuzaliwa, vyeti vya mitihani na kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, ukahakikisha jina limeandikwa kwa herufi zile zile katika nyaraka zote. Kama kimoja kinasema Khamis na kingine Hamisi, kirekebishe sasa, kabla dirisha la mikopo halijafunguliwa.